Desemba ya Tope: Niliyoyasikia Mbulu na Hanang'

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 sikuwa nyumbani. Nilikuwa Dodoma, nimeketi mbele ya televisheni sebuleni kwa jirani, nikiutazama mji wa Katesh kama mtu anayetazama nchi ya kigeni. Tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang' baada ya mvua kubwa lilikuwa limefunga barabara, limesomba magogo na mawe, limezika nyumba za Katesh, Gendabi na vitongoji vya jirani. Siku zilizofuata hesabu ya waliofariki ilipanda hadi ikapita 80. Ulizuka uvumi kwamba mlima umelipuka kama volkano. Wataalamu wa serikali wakaukanusha, wakaeleza kwamba sehemu ya mlima ilinyonya maji ikazidiwa, ikameguka.

Watangazaji wengi walitamka "Hanangi". Siwalaumu. Kiswahili hakipendi neno liishie kwenye konsonanti, na ulimi uliolelewa na Kiswahili huitafutia irabu ya kupumzikia. Hata hivyo jina lile lilinichoma kila lilipotajwa, kwa sababu sikumbuki siku nyingine ambayo wilaya zetu zilitajwa televisheni asubuhi hadi usiku kwa juma zima. Tuliingia katika kioo cha taifa tukiwa tumefunikwa tope.

Katikati ya mwezi nilikwenda. Nilianzia Mbulu kwa shangazi yangu, kisha nikateremka hadi Babati na kushika barabara ya Singida mpaka Katesh. Msomaji asiyeijua ramani yetu akumbuke kwamba hadi mwaka 1969 Hanang' ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu, na kwamba Mkoa wa Manyara ulizaliwa mwaka 2002 kutokana na Mkoa wa Arusha. Mipaka hii ni ya juzi. Wapenzi wa lugha wana sababu nyingine ya kuitazama nchi hii: ndani ya mwendo wa siku chache kwa miguu utasikia Kiiraqw, ambacho ni cha Kikushi; Kidatoga cha Wabarabaig, ambacho ni cha Kinailoti; lugha za Kibantu za majirani wa Singida na Kondoa; na huko Yaeda Chini utawasikia Wahadzabe, ambao lugha yao ya vidoko haijathibitishwa kuwa na ndugu popote. Kiswahili kilipofika hapa hakikukuta ukimya.

Kwa shangazi jioni ilikuwa ya televisheni. Wajukuu walikuwa wakifuatilia tamthilia ya Kituruki ya Sultan Suleiman, iliyotiwa sauti za Kiswahili, na mabinti wa kasri la Istanbul walizungumza Kiswahili fasaha kuliko cha madiwani wetu. Shangazi hukaa kwenye kigoda karibu na mlango, akimenya maharage. Kila malkia alipopanga hila, alimjibu: "Utaumbuka, mama!" Aliitikia, akaonya, akacheka peke yake. Wajukuu walimnyamazisha. Kwao televisheni ni kitu cha kutazamwa kimya. Kwake, anayesema mbele za watu sharti ajibiwe.

Nililiwaza jambo hilo mwezi mzima. Redio ndiyo iliyonilea mimi. Zanzibar ilipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara tulingoja hadi mwaka 1994, vilipoanza vituo vya watu binafsi. Televisheni ya taifa ikafuata miaka kadhaa baadaye. Kabla ya hapo mchezo wa kuigiza uliingia nyumbani kwa masikio. Tuliwasikiliza Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania Dar es Salaam, na tangu mwaka 1993 Twende na Wakati, mchezo ambamo dereva wa lori aitwaye Mkwaju aliharibu maisha yake na ya wenziwe kwa tamaa ya wanawake, hadi ukimwi ukamfikia. Wanaume walioketi barazani kwa baba yangu walimtukana Mkwaju kwa Kiiraqw, wakamwonya kwa Kiswahili. Hata baadaye, vibanda vya video vilipofika, uhai huo haukufa: msimulizi kama Lufufu alizungumza Kiswahili juu ya filamu za Kimarekani na za Kichina, akaongeza vichekesho ambavyo mwongozaji hakuviota, na ukumbi wote ukamjibu kwa kelele. Wasomi waliovidharau vibanda vile nadhani hawakuwahi kuingia humo.

Lakini nisiisifu jana kupita kiasi. Ipo sanaa ya majibizano niliyoishiriki utotoni, nayo inanitia aibu hadi leo.

Nayo ni ngonjera. Mathias Mnyampala (1917–1969), Mgogo wa Dodoma, ndiye aliyeipa sura tunayoijua, baada ya Azimio la Arusha la 1967: mashairi ya kujibizana jukwaani, asiyejua upande mmoja na ajuaye upande wa pili, hadi asiyejua akubali. Vitabu vyake viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwaka 1970 na 1971, yeye akiwa kaburini. Shule zikaipokea ngonjera kwa mikono miwili. Ilikuwa rahisi, ilikaririka, ilihitaji jukwaa la vumbi tu na mgeni rasmi.

Katika shule niliyosoma, miaka ya 1980, nilipewa sehemu ya asiyejua. Nilivalishwa shuka jeusi kwa lubega, nikapewa fimbo ndefu, nikaitwa Mang'ati. Jina hilo Wabarabaig hawakujipa: ni la Kimaasai, lenye maana ya adui, nasi tulilitumia bila kuuliza. Kazi yangu ilikuwa kukataa shule, kukataa choo, kukataa jembe, kisha katika ubeti wa mwisho kusalimu amri. Watu walicheka sana. Nilipewa daftari na kalamu kwa zawadi.

Nilikuwa mtoto, sikujua kilichokuwa kikitendeka upande wa pili wa mlima. Huko Basotu, tangu mwanzo wa miaka ya 1970, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, likisaidiwa na Canada, lilikuwa likilima ngano katika ardhi iliyofikia ekari zipatazo 100,000, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki mwaka 1984, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaitengua sehemu kubwa ya hukumu ile. Kwa hiyo siku nilipokuwa jukwaani nikimwigiza Mbarabaig asiyejua kitu, Mbarabaig wa kweli alikuwa akijibizana na shirika la umma kwa hoja za kisheria. Mchezo wetu ulikuwa umemwandikia jibu la "nimekubali" kabla hajafungua kinywa.

Na jambo linaloniuma zaidi kama mtu wa sanaa ni kwamba yule tuliyemfanya mshamba ana jukwaa kubwa kuliko letu. Wabarabaig humzika mzee mwenye heshima kwa bung'eda, maziko ambayo huchukua miezi: kaburi hujengwa likawa kichuguu kirefu, ukoo na majirani hukusanyika, pombe ya asali hutengenezwa, watu huimba na kucheza. Nalo baraza la wanawake, girgwageda gademga, likimwona mwanamume amemkosea mwanamke, hukutana uwanjani kumhukumu, na faini yake huweza kuwa ng'ombe. Ukitafuta tamthilia yenye wahusika, mgogoro na hukumu, hii hapa, na hakuna aliyeiandika ili mgeni rasmi apige makofi. Baadhi ya makaburi yale ya bung'eda yalipitiwa na matrekta ya mashamba ya ngano. Mtafiti Charles Lane aliyaandika hayo katika kitabu chake cha 1996. Mimi niliyasoma nikiwa mtu mzima, na nikaikumbuka ile kalamu ya zawadi.

Narudi Desemba. Katesh niliikuta inafukua. Muziki ulikuwa kila mahali, kwa maana maziko na ibada zilikuwa kila mahali. Kwaya za makanisa, Wakatoliki na Walutheri, ziliimba kwa vinanda vyenye betri vilivyofungwa mgongoni mwa pikipiki na kupelekwa kila palipo na msiba. Nilisikia nyimbo za Krismasi zikifanyiwa mazoezi alasiri na waimbaji walewale waliokuwa wameimba maziko asubuhi. Sauti zao zilikuwa zimekauka. Vijana nao walikuwa na simu, na katika simu video za wasanii wanaoimba kwa Kiiraqw juu ya midundo ya kompyuta. Nilifurahi kuziona, maana huo ndio upenyo waliopata: kanuni zetu za utangazaji hutaka vituo vitumie Kiswahili au Kiingereza, kwa hiyo malkia wa Istanbul ana nafasi katika televisheni ya shangazi yangu ambayo lugha ya shangazi haina.

Baada ya Krismasi jamaa zangu waliokuwa wakiishi chini ya mlima waliitisha kikao cha ukoo kuhusu waliofariki na waliobaki bila makao. Nilijulishwa mapema: "Wewe ndiwe mshairi wetu, lete maneno." Niliandika utenzi wa beti 24 usiku kucha. Nauweka hapa ubeti mmoja tu, ili msomaji anihukumu kwa haki:

Mlima ulimegeka,
tope likaporomoka,
nyumba likazifunika
na waliolala ndani.

Mizani imetimia. Vina vimekaa. Niliusoma wote, nikakunja karatasi, na watu wakapiga makofi ya adabu, kama yale wanayompigia mgeni rasmi. Mama mmoja aliyepoteza wajukuu alinitazama, kisha akaangalia chini. Nilijua papo hapo kwamba nilikuwa nimewaeleza watu habari walizokuwa nazo.

Kikao kilipokaribia kufungwa, mzee mmoja alisimama na fimbo yake akaanza slufay. Hiyo ni sala ya Wairaqw, na ni ushairi pia, ambayo husemwa kikao kinapomalizika: husema mmoja, na waliokuwepo humwitikia wote, kifungu kwa kifungu. Humo huombwa mvua, uzazi na amani. Maovu hufukuzwa nje ya nchi. Hutajwa Lo'a, ambaye kwa Wairaqw wa zamani ni mwenye rehema wa juu, na hutajwa neetlangw, roho za chemchemi na za chini ya ardhi. Mzee alisema taratibu mwanzoni. Waliokaa waliitikia kwa mvumo mfupi wa chini, kisha mwendo ukaongezeka, mvumo ukaongezeka, hadi ikawa huwezi kutenganisha anayesema na wanaojibu. Yule mama aliitikia. Katekista aliitikia. Vijana waliokuwa na simu waliitikia, wengine wakiwa wamekosea, wakarekebishwa na waliokuwa jirani.

Mimi sikuweza. Kiiraqw changu ni cha kusalimia na kununua mbuzi. Sikujua kifungu kinaishia wapi, na kila nilipofumbua midomo nilikuwa nimechelewa. Mtu aliyechelewa kuitikia sala anasikika kuliko aliyenyamaza, basi nikanyamaza.

Msomaji asidhani nakilaumu Kiswahili. Pwani shairi lina kituo ambacho hadhira hulisubiri, taarabu ina kibwagizo, na malumbano ya washairi magazetini yamewajengea wengi wetu jina. Kujibizana ni mali yetu tangu kale. Kasoro ilikuwa yangu: nilijifunza ushairi wa Kiswahili shuleni kama kitu cha kusomwa mbele ya watu walionyamaza, nikaupeleka mahali ambapo watu hawakuja kunyamaza. Hata Mnyampala, kwa makosa yote tuliyoyatenda kwa jina la ngonjera, alijua kwamba beti zinahitaji vinywa viwili.

Usiku ule nilimuuliza shangazi, aliyekuwa amekuja na basi kutoka Mbulu kwa ajili ya kikao, jinsi ya kujua pa kuitikia. Alicheka. "Mwanangu, huhesabu. Unasikiliza pumzi yake." Akanifanyisha mazoezi jikoni, yeye akisema vifungu viwili vitatu anavyovikumbuka, mimi nikiitikia, naye akinikatiza: mapema, mapema tena, sasa umechelewa. Wajukuu walikuja kuchungulia, wakacheka, kisha mdogo wao akakaa chini akaitikia vizuri kuliko mimi.

Ninayo rekodi ya slufay ile katika simu yangu. Wapo rafiki zangu wa lugha walioniomba niinukuu na kuitafsiri, na vitendea kazi vipo: sarufi ya Kiiraqw ya Maarten Mous ya mwaka 1993, na kamusi aliyoiandaa pamoja na Martha Qorro na Roland Kießling mwaka 2002. Asubuhi ya kuondoka nilikwenda kwa mzee kumwomba ruhusa. Alitaka kwanza kuisikia. Tulisikiliza tukiwa tumeketi nje ya nyumba ya mwanawe, nyuma yetu greda likisukuma tope barabarani. Simu nilikuwa nimeishika mkononi siku ile, kwa hiyo sauti za mbali zinasikika na sauti za karibu zinasikika, isipokuwa ya mwenye simu. Mzee alilitambua hilo kabla yangu.

"Huyu aliyeshika alikuwa wapi?" aliuliza.

Nikamwambia. Akanirudishia simu, akasema maneno yale si ya kupeleka popote bado, nije msimu wa mvua zijazo, nikae kikao kizima, niitikie, ndipo tutazungumza habari ya kuandika.