Namba 61,741,120: ijue, kisha ihakiki bila kikokotoo

Hii ndiyo idadi ya watu nchini kwa Sensa ya Agosti 2022. Wa Handeni na Korogwe wamo humo. Wanaume ni 30,053,130, wanawake 31,687,990.

Ukiivunja hadi mwisho unapata namba tasa tupu: 2 mara sita, kisha 5, 7, 43 na 641. Ndiyo maana inagawanyika kwa 7 na kwa 64 bila baki. Kwa 3 inagoma, inabaki 1.

Je, jumla iko sawa? Jumlisha tarakimu hadi ibaki moja:

Wanaume: 15, yaani 6.
Wanawake: 43, yaani 7.
6 + 7 = 13, yaani 4.
Jumla kuu: 22, yaani 4. Zimelingana.

Njia hii inafaa hata kwenye daftari la kikoba Korogwe au hesabu ya magunia ya mahindi Handeni. Zisipolingana, kuna kosa mahali, rudieni kabla ya kugawana. Zikilingana, bado usijiachie: aliyeandika 54,000 badala ya 45,000 hakamatwi hapa, maana tarakimu ni zilezile.