Kioo Kidogo Ndani ya Redio Kuukuu

Redio kuukuu hapa Garsen huenda kwa kilo. Mnunuzi wa chuma chakavu huja na mizani, huipima pamoja na sufuria zilizotoboka na rimu za baiskeli, hulipa, hupakia, na mzigo unashika barabara ya Malindi. Mimi hujaribu kumtangulia. Napiga gitaa, na ndani ya zile redio za zamani mna kitu ambacho wapiga gitaa wa Marekani na Ulaya wanakitafuta kwa pesa: dayodi ya jemaniamu. Ni kijipande cha kioo, ukubwa wa punje ya mchele, chenye mkia wa waya kila upande.

Wanaoniona nikifungua redio za watu hudhani nacheza. Hapana, bwana. Kijipande hiki kina historia ya mto huu, na nataka kuisimulia kabla redio ya mwisho haijapanda lori.

Tuanze na kazi yake. Wimbi la redio ya AM hupanda na kushuka mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde moja. Sauti ya mtangazaji imepakiwa juu yake: sauti ikipanda, wimbi linapata nguvu, ikishuka, linapungua. Shida ni kwamba upande wa juu na upande wa chini wa wimbi hilo unalingana, kwa hiyo unafutana, na spika inabaki kimya. Dayodi ni mlango wa njia moja. Inauruhusu upande mmoja upite, mwingine inaukata. Kinachobaki, kikishalainishwa na kapasita, ndiyo sauti. Yaani kila taarifa ya habari aliyoisikia babu yako ilizaliwa kwa kukatwa.

Ujuzi huu ni wa kale kuliko redio yenyewe. Mwaka 1874 Mjerumani Karl Ferdinand Braun aligundua kwamba fuwele fulani hupitisha umeme vizuri upande mmoja kuliko mwingine. Mwaka 1904 Jagadish Chandra Bose wa Kolkata, India, alipewa hataza ya Marekani kwa kifaa cha kunasa mawimbi kwa fuwele ya galena, lile jiwe linalotoa madini ya risasi. Mwaka 1946 kampuni ya Sylvania ikatoa dayodi ya jemaniamu iliyoitwa 1N34, na huku Ulaya Philips na Mullard wakatengeneza za kwao, zenye majina kama OA90. Kisha zikaja redio za transista, nyepesi, za kubeba mkononi, zisizohitaji umeme wa ukutani. Ndizo zilizofika kwetu.

Na hapa ndipo hesabu ya mto inapoanza. Mwaka 1963, Kenya ikijiandaa kwa uhuru, jopo la wanamuziki watano liliketi kutafuta wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Lahani waliyoichagua ilikuwa ya Wapokomo wa Tana, wimbo wa mama kumbembeleza mtoto. Mwaka uliofuata redio ya taifa ikawa Sauti ya Kenya, jina lililodumu hadi 1989. Matangazo yakifunguliwa, wimbo wa taifa. Yakifungwa, wimbo wa taifa. Bembelezo lilitoka mtoni likaenda Nairobi, likarudi kwa mawimbi, likapita katika punje ya kioo ili mama yuleyule aweze kulisikia.

Umeme nao ulikuwa hivyohivyo. Bwawa la Kindaruma lilianza kuzalisha umeme mwaka 1968, Masinga likafuata mwaka 1981, na mengine yakajengwa katikati, yote juu ya mto huu wetu. Nairobi iliwaka taa kwa maji ya Tana. Huku chini kwenye delta, vijiji vingi viliendelea na betri. Zikichoka zilianikwa juani, zirudi na nguvu ya kumalizia habari za saa moja. Mto ulitoa lahani na ukatoa umeme. Wenye mto walipewa nafasi ya kusikiliza.

Tulisikia nini kuhusu sisi wenyewe? Mafuriko. Ukame. Mwaka 2012 na mwanzo wa 2013, mapigano kati ya Wapokomo na Waorma, watu zaidi ya 100 wakauawa, na Tana Delta ikawa jina la habari mbaya kila saa. Kelele zilizosikika kutoka kwetu zilikuwa za msiba tu.

Sasa niruhusu nivuke bahari kidogo, maana dayodi ilipata kazi ya pili mbali na hapa.

Studio moja ya Nashville, Marekani, Marty Robbins anarekodi wimbo wake "Don't Worry", uliotoka mwaka 1961. Chombo alichopiga Grady Martin kikapita katika njia mbovu ya mashine ya kurekodia, na sauti ikatoka imekwaruzika kama mbung'o kwenye chupa. Badala ya kuifuta, wakaiacha. Mtambo ule uliokuwa ukiharibika, fundi mitambo Glenn Snoddy aliuchunguza, na akishirikiana na Revis Hobbs akaunda kisanduku cha kutoa ubovu uleule kwa makusudi. Gibson ikakiuza kuanzia mwaka 1962 kwa jina Maestro Fuzz-Tone. Mwaka 1965 Keith Richards wa Rolling Stones alikikanyaga katika "Satisfaction", na dunia nzima ikataka gitaa linalokwaruza.

Baadaye waundaji waligundua njia rahisi. Kuza sauti ya gitaa mara nyingi, halafu weka dayodi mbili zinazotazamana kinyume kati ya sauti na athi. Wimbi likizidi kimo fulani, dayodi moja inafunguka na kumwaga ziada ya juu. Wimbi likigeuka, mwenzake anamwaga ya chini. Vilele vinakatwa, sauti inanguruma. Ni mlango uleule wa njia moja uliokuwa ndani ya redio, ila sasa imewekwa milango miwili.

Aina ya dayodi ndiyo tabia ya pedali. Ya jemaniamu hufunguka mapema, kwenye volti 0.2 au 0.3, tena polepole. Sauti inakuwa ndogo lakini laini, ina joto. Ya silikoni husubiri hadi 0.6 au 0.7 halafu inakata ghafla, sauti inauma. Taa nyekundu ya LED, ambayo nayo ni dayodi, husubiri hadi karibu volti 2; sauti inakuwa kubwa, wazi, haijabanwa sana. MXR Distortion+ na DOD 250, pedali mbili maarufu za miaka ya 1970, zina saketi zinazokaribia kuwa pacha. Tofauti kubwa ni kwamba ya kwanza ina jemaniamu na ya pili silikoni. Watu wamebishana miaka na miaka ipi kali.

Mimi sina pesa ya kununua mbili ili niamue ugomvi. Nina swichi. Ile ndogo ya miguu mitatu, yenye kijiti cha chuma unachosukuma kwa kidole; hakikisha ni aina inayoweza kusimama katikati. Mguu wa kati unaunga pale sauti iliyokuzwa inapotoka, kabla ya kitasa cha sauti. Mguu wa pembeni mmoja unaupa jozi ya jemaniamu, wa pili unaupa jozi ya silikoni. 1N4148 ya kawaida kutoka Luthuli Avenue inatosha. Ncha za mwisho za jozi zote mbili zinakwenda athi. Kijiti upande huu, jemaniamu. Upande ule, silikoni. Katikati, hakuna dayodi iliyoungwa: gitaa linatoka kwa kishindo, na kama kuna kukwaruza basi ni amplifaya yenyewe imezidiwa. Redio ya betri kubwa sita ina volti 9, na pedali nyingi zinataka volti 9 hizohizo, kwa hiyo hata kishikio cha betri situpi.

Kuna jamaa wataniambia, wee, hiyo kelele ni ya Wazungu, sisi gitaa letu ni safi. Naelewa. Fundi Konde, mzaliwa wa upande wa Malindi, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza Afrika Mashariki kupiga gitaa la umeme, na nyuzi zake zilikuwa nyororo kama mafuta ya nazi. Benga na rumba pia hupenda nyuzi zisikike moja moja. Lakini usafi si urithi wetu pekee. Wagogo wa Dodoma huziba tundu la ilimba kwa utando wa buibui ili kila noti itoke na mvumo. Wahabeshi huweka kipande cha ngozi chini ya kila uzi wa begena, na mpigaji hukisogeza mpaka uzi ulie anavyotaka. Kinshasa, Konono N°1 ya Mingiedi ilitia likembe umeme kwa vipaza sauti vya kujiundia, sumaku zikitoka kwenye vipuri vya magari mabovu. Mkwaruzo uliotokea ukawa ndio sura ya bendi. Ngozi ile ya begena ni swichi. Mwenye chombo ndiye anayeamua sauti ikwaruze kiasi gani.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Sauti mbovu na sauti kali zinaweza kuwa wimbi moja. Kinachozitenga ni nani ameshika kijiti. Kwa miaka zaidi ya hamsini dayodi zilizoingia delta zilifanya kazi moja, kutuletea sauti ya wengine. Tukiziuza kwa kilo, kazi yao inaishia hapo. Tukizitoa na kuziunga upya, kioo kilekile kilichotufundisha kusikiliza kinaweza kutusemea.

Na kuna jambo ambalo sikulipanga. Redio moja ya zamani mara nyingi hutoa dayodi moja inayofaa, ukibahatika mbili. Jozi inataka mbili. Kwa hiyo pedali zangu nyingi zina dayodi kutoka nyumba mbili: moja ya redio iliyokuwa kwa Wapokomo kando ya mto, nyingine ya redio iliyokuwa ikining'inia kwenye boma la Waorma. Zimelehemiwa bega kwa bega, zikitazama kinyume, kila moja ikikata upande wake. Hazilingani sawasawa, moja hufunguka kabla ya mwenzake kwa tofauti ndogo sana, na sauti inayotoka ina kautamu ambacho sijakipata kwa jozi mpya za dukani. Sisemi kwamba pedali inapatanisha watu. Nasema tu kwamba mkwaruzo ule hautoki ukiondoa mmoja.

Kama nyumbani kwenu kuna redio iliyokufa, usiifungue kwa nyundo. Fuata waya za koili ya kutafutia stesheni mpaka vikopo vidogo vya chuma. Kioo kiko karibu na cha mwisho, mara nyingine kimefichwa ndani yake. Kipime kwa mita: ikisoma kati ya 0.2 na 0.4, umekipata, ikisoma 0.6, ni silikoni. Acha mikia yake iwe mirefu. Unapolehemu, ubane mkia kwa koleo, maana jemaniamu haivumilii moto. Na kabla ya kufunga kisanduku, chukua kalamu uandike kwa ndani redio ilitoka wapi. Vyangu vimeandikwa Ngao, Idsowe, Minjila, Golbanti. Atakayekifungua siku moja akiwa mbali na hapa, angalau ajue ni sauti ya wapi anaikanyaga.