Kanisa, Sheria na Lugha katika Utambulisho wa Wawelisi wa Zama za Kati

1. Utangulizi

Tunapofundisha historia ya Kanisa la Zama za Kati, huwa tunawapeleka wanafunzi Roma, Paris na Canterbury, kwa maana huko ndiko maamuzi makubwa yalikofanyika. Mara chache tunasimama kwa watu ambao maamuzi hayo yaliwaangukia. Wawelisi, wenyeji wa magharibi ya kisiwa cha Britania, walikuwa miongoni mwao. Hawakuwa na mfalme mmoja. Walitawaliwa na wakuu wa Gwynedd, Powys, Deheubarth na maeneo mengine, ambao mara nyingi walipigana wao kwa wao. Na tangu mwisho wa karne ya 11 mabwana wa Kinormani waliteka sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya nchi yao. Hata hivyo walijihesabu kuwa watu wamoja. Katika makala haya tunauliza walijihesabu hivyo kwa msingi gani, na mwanahistoria ataujuaje ukweli, ikiwa mashahidi wake karibu wote walikuwa na shauri la kutetea.

2. Majina mawili

Jina Wales latokana na neno la Wasaksoni lililomaanisha mgeni. Wenyeji, kwa lugha yao, walijiita Cymry, yaani watu wa nchi moja. Kwa hiyo waliotangulia kuwapo waliitwa wageni na wale waliokuja baada yao. Katika Kilatini wasomi wao walipenda kujiita Wabritoni, wakikumbuka kwamba baba zao walikaa katika sehemu kubwa ya kisiwa kabla Wasaksoni hawajaingia.

Katika karne ya 12 badiliko laonekana. Huw Pryce, katika uchunguzi wake uliochapishwa mwaka 2001, ameonyesha jinsi waandishi wa Wales wenyewe walivyoanza kuliacha jina la Wabritoni na kutumia lile walilopewa na wengine. Katika miaka ya 1160 Owain, mtawala wa Gwynedd, alipomwandikia Louis VII wa Ufaransa, alijiita mfalme wa Wales. Kwa kufanya hivyo watu hawa waliweka kando dai la kale la kisiwa kizima, lakini walipata jina lililoeleweka katika mabaraza ya Ulaya na kuitaja nchi waliyoishi kweli. Jambo hili lisitushangaze. Jina la Wakristo nalo lilianzia Antiokia (Mdo. 11:26), na yaelekea lilitoka kwanza vinywani mwa wengine.

3. Shahidi aliyekuwa na shauri lake

Shahidi asemaye mengi kuliko wote ni Gerald wa Wales, aliyezaliwa Manorbier yapata mwaka 1146. Baba yake alikuwa Mnormani; mama yake alikuwa binti wa Nest, aliyekuwa binti wa mtawala Rhys ap Tewdwr. Gerald alisoma Paris, akawa shemasi mkuu wa Brecon, yaani mwangalizi wa makasisi kwa niaba ya askofu. Mwaka 1188 alifuatana na Askofu Mkuu Baldwin wa Canterbury kuzunguka Wales wakihubiri Vita vya Msalaba. Asimulia kwamba huko Haverford alihubiri kwa Kilatini na Kifaransa, na watu wasioelewa hata moja ya lugha hizo wakaguswa na kuja kuupokea msalaba. Mchungaji yeyote aliyewahi kuhubiri kupitia mkalimani ataisoma habari hiyo kwa tabasamu, na kwa swali.

Katika kitabu chake cha kuwaeleza Wawelisi, Gerald asifu ukarimu na ushujaa wao, kisha alaumu makosa yao. Mwishoni afundisha jinsi wawezavyo kushindwa vitani, halafu jinsi wawezavyo kupinga. Mtu mmoja ashauri pande mbili.

Mwaka 1199 baraza la kanisa kuu la St Davids lilimchagua kuwa askofu, naye akaenda Roma mara tatu mbele ya Papa Innocent III. Alitaka uaskofu wake uthibitishwe, na zaidi ya hayo St Davids iwe makao ya askofu mkuu, isiwe chini ya Canterbury. Mwaka 1203 alishindwa. Dai hilo lilikuwa limetetewa kabla yake na Bernard, Mnormani aliyewekwa kuwa askofu wa St Davids mwaka 1115: kwamba watu wa jimbo lake walitofautiana na Waingereza kwa taifa, lugha, sheria na desturi.

Basi hoja iliyo wazi kabisa juu ya upekee wa Wawelisi twaikuta kwa makasisi wenye damu ya Kinormani, waliotafuta kiti kikubwa zaidi. Je, tuitupe kwa sababu hiyo?

4. Mashahidi wengine

Twaona si vema kuitupa kabla ya kuwasikiliza wengine. Wa kwanza ni vitabu vya sheria vilivyoandikwa kwa jina la Mfalme Hywel Dda, aliyefariki katikati ya karne ya 10. Nakala zilizosalia hazitangulii karne ya 13, na wataalamu hujadili ni kiasi gani kilichomo ni cha Hywel mwenyewe. Lakini jambo hilohilo latufundisha kitu: katika karne ya mapambano na wafalme wa Uingereza, Wawelisi walinakili sheria na kuzifunga na jina la baba mmoja.

Wa pili ni majibu aliyopewa Askofu Mkuu John Pecham mwaka 1282, alipojaribu kuwapatanisha Llywelyn ap Gruffudd na Mfalme Edward I. Baraza la Llywelyn lilijibu kwamba hata kama mkuu wao angeitoa Snowdonia, watu wake wasingemtii mgeni ambaye lugha, desturi na sheria zake hawakuzijua kabisa. Hoja ya makasisi wa St Davids sasa yasemwa na watu wa milimani, tena kwa gharama. Llywelyn aliuawa tarehe 11 Desemba mwaka huohuo. Kwa Amri ya Rhuddlan ya 1284 Edward aliingiza sheria ya Kiingereza katika makosa ya jinai, ingawa aliacha baadhi ya desturi za urithi.

Wa tatu ni barua ya Pennal ya mwaka 1406. Kanisa la Magharibi lilikuwa limegawanyika kati ya papa wa Roma na wa Avignon, naye Owain Glyndŵr, aliyeasi tangu 1400, alimwandikia mfalme wa Ufaransa akikubali kumfuata papa wa Avignon. Alitaka St Davids iwe na askofu mkuu, vyuo vikuu viwili vianzishwe, kimoja kaskazini na kimoja kusini, na wanaopewa huduma za Kanisa wawe watu waijuao lugha ya nchi. Dai la Gerald lilirudi baada ya miaka 200, likiwa na jambo jipya: haki ya kundi kumwelewa mchungaji wake.

5. Kazi ya wanahistoria

John Edward Lloyd, katika historia yake ya mwaka 1911, aliwapa wasomaji masimulizi yaliyopangika ya watawala wa Wales hadi ushindi wa Edward. Kazi hiyo bado yaheshimiwa. Mwaka 1987 R. R. Davies alipanua uwanja hadi 1415, akiwaweka pamoja wakuu wa Kiwelisi, mabwana wa mipakani na walowezi, waliopigana lakini pia waliooana na kuishi pamoja. Tangu hapo imekuwa vigumu kusema kwamba utambulisho ulikuwa kitu kimoja kisichobadilika, kilichohifadhiwa milimani. Tena tukumbuke ukimya wa vyanzo: sheria zawataja watumwa wa ardhi na wanawake, lakini si wao walioandika.

6. Hitimisho

Twahitimisha kwamba utambulisho wa Wawelisi haukuwa urithi tu, wala uzushi wa wachache. Ulijengwa kwa hoja zilizorudiwa, na wengine walizirudia bila kutazamia kiti chochote. Shahidi mwenye shauri lake aweza kusema kweli. Kazi yetu ni kutafuta ni nani mwingine aliyesema vivyo hivyo, na kwa gharama gani. Wanafunzi wetu wanaoandika historia za sharika kwa kutumia barua za wamisionari na kumbukumbu za wazee wanahitaji kanuni hiyohiyo.

Maombi ya Pennal hayakujibiwa wakati wake. Biblia nzima kwa Kiwelisi, iliyotafsiriwa na William Morgan, ilitoka mwaka 1588. Wales ilipata askofu mkuu wake mwaka 1920, baada ya Kanisa la huko kutengwa na dola. Yalipita zaidi ya miaka 700 tangu Gerald arudi kutoka Roma mikono mitupu.