Lango la Beijing: Safari ya Anne-Caroline Chausson na Nafasi ya Mwanamke Juu ya Baiskeli



Anayetoka Gitambi akashuka kuelekea uwanda wa Bugarama hukutana na baiskeli nyingi kuliko magari. Zimebeba mikungu ya ndizi, magunia ya mchele, madumu ya maji, na mara nyingine abiria aliyemshika kiuno mwendeshaji. Wakati wa kupanda husukumwa kwa mikono na mabega. Wakati wa kuteremka huachiwa, breki zikilia, na wapita njia wakijibanza pembeni. Wanaoziendesha ni wanaume na wavulana, karibu wote. Mwanafunzi wangu mmoja, msichana, aliniuliza katika kipindi cha Kiswahili kama yupo mwanamke duniani aliyepata heshima kwa kuteremka mlima juu ya baiskeli. Nilimjibu kwamba yupo. Kengele ikalia kabla sijamaliza, na makala haya ndiyo sehemu iliyobaki ya jibu langu.

Mwanamke huyo ni Anne-Caroline Chausson, Mfaransa aliyezaliwa mjini Dijon tarehe 8 Oktoba 1977. Ila kabla ya kumfikia yeye, inafaa tujitazame wenyewe.

Mila za Rwanda zilimkataza mwanamke kukamua ng'ombe, na zilimkataza kupanda juu ya paa la nyumba. Baiskeli haikuwa na mwiko wa kale, kwa sababu yenyewe haikuwepo. Ilikuja zama za ukoloni. Watu wakaitungia mwiko mpya kwa mfano wa ile ya zamani, kisha baada ya vizazi viwili wakausimulia kana kwamba ulitoka kwa mababu. Mashindano ya Tour du Rwanda yalifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1988, yakiwa ya wanaume. Ilichukua miaka 27 kutoka hapo hadi Septemba 2015, pale Jeanne d'Arc Girubuntu wa Rwamagana alipokuwa mwanamke wa kwanza wa Rwanda kushindana katika mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mjini Richmond, nchini Marekani. Miaka 27 ni umri wa mtu mzima mwenye watoto.

Tuingie sasa katika BMX. Herufi hizo husimamia mbio za baiskeli zinazoiga motokrosi, yaani mbio za pikipiki katika udongo na matuta. Zilizaliwa kusini mwa California mwanzoni mwa miaka ya 1970, na waliozizaa walikuwa watoto. Hawakuwa na pikipiki. Walikuwa na baiskeli ndogo zenye magurudumu ya inchi 20, viwanja vitupu na wivu. Walichonga matuta, wakajipanga mstari mmoja, wakakimbizana. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika mwaka 1982 huko Dayton, jimbo la Ohio. Mpaka leo kanuni ni ileile: washindani wanane husimama juu ya jukwaa, lango huanguka mbele ya magurudumu yao, nao hushuka kwa pamoja, huruka matuta, hugombania kona zilizoinuliwa ukingo, na yote huisha kabla ya dakika moja kutimia. Hakuna wa kumngoja mwenzake, wala hakuna nafasi ya kurekebisha kosa.

Chausson alianza mchezo huu akiwa mtoto mdogo, akashinda mataji katika ngazi za watoto na vijana. Kisha akahamia baiskeli za milimani, hususan mbio za kuteremka. Mwaka 1993, katika mji wa Métabief nchini kwao, alitwaa ubingwa wa dunia wa vijana akiwa na umri wa miaka 15. Akaurudia mwaka 1994 na 1995. Alipoingia daraja la wakubwa mwaka 1996, alishinda tena, na kuanzia hapo hadi mwaka 2003 hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa bingwa wa dunia wa kuteremka. Hiyo ni miaka minane mfululizo. Taji la tisa alilipata mwaka 2005. Sijui mchezo mwingi ambao mtu mmoja ameutawala hivyo, mwanamume au mwanamke.

Hata hivyo, hakuwa na nafasi katika Michezo ya Olimpiki. Baiskeli za milimani ziliingia Olimpiki mwaka 1996 kule Atlanta, lakini ni mbio za kuzunguka nyika tu ndizo zilizokubaliwa. Mbio za kuteremka ziliachwa nje, na ziko nje mpaka sasa. Kwa hiyo bingwa mkuu wa dunia aliitazama Olimpiki ya Atlanta, ya Sydney na ya Athens kama tunavyoitazama sisi, kwenye runinga. Tusidhani kwamba wenye vipaji hufika kila mahali kwa nguvu za vipaji vyao. Kuna mtu anayeamua ni milango ipi iwepo ukutani, na mara nyingi mtu huyo hajawahi kupanda baiskeli.

Mwaka 2003 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliamua kwamba BMX itakuwemo katika Michezo ya Beijing ya mwaka 2008. Uamuzi huo ulikuwa na gharama yake: ili kupisha BMX, mbio fupi za uwanjani za kushindana na saa, kilomita moja kwa wanaume na mita 500 kwa wanawake, ziliondolewa. Waliokuwa wamejitolea ujana wao kwa mbio hizo walilia, na walikuwa na haki ya kulia. Lakini kwa Chausson lango lilifunguka. Akiwa amekaribia miaka 30, aliiacha milima aliyoitawala akarudi kwenye magurudumu madogo ya utoto wake, kati ya wasichana waliokuwa wakijifunza kutembea wakati yeye anashindana.

Mmoja wa wasichana hao alikuwa Shanaze Reade, Mwingereza kutoka mji wa Crewe, mwenye umri wa miaka 19. Alikuwa bingwa wa dunia wa BMX wa mwaka 2007 na wa 2008. Isitoshe, miaka hiyohiyo alishinda ubingwa wa dunia wa uwanjani akiwa na Victoria Pendleton. Wengi walimpa dhahabu kabla hajaipata.

Mvua iliahirisha fainali hadi tarehe 22 Agosti 2008. Lango lilipoanguka, Chausson alitoka mbele, na mbele akabaki. Reade alimfuata. Wakaruka matuta, wakachukua kona, wakaufikia mkunjo wa mwisho huku Reade akiwa wa pili. Angetulia hapo, angeondoka na fedha bila shaka yoyote. Hakutulia. Alijaribu kumpita Chausson kwa ndani ya kona, gurudumu lake likagusana na gurudumu la nyuma la mwenzake, naye akaanguka. Chausson alivuka mstari kwa sekunde 35.976. Aliyemfuata, Mfaransa mwenzake Laëtitia Le Corguillé, alikuwa nyuma yake kwa zaidi ya sekunde mbili, na shaba ikaenda kwa Mmarekani Jill Kintner. Reade aliondoka mikono mitupu.

Watu wamelijadili kosa la Reade kwa miaka mingi, wengine wakilaumu tamaa. Mimi simlaumu. Mwanariadha anayefundishwa tangu utotoni kwamba kuna nafasi moja tu yenye maana hawezi kushangaza akiihatarisha ya pili. Na heshima ya Chausson haipungui kwa sababu ya kuanguka kwa mpinzani: alikuwa mbele tangu lango lilipoanguka.

Kuna jambo katika siku ile ambalo magazeti hayakulipa nafasi kubwa, nalo ndilo ninalotaka tulitazame kama raia. Katika mbio za BMX za Beijing walishindana wanaume 32 na wanawake 16. Wanaume walikuwa na robo fainali, nusu fainali na fainali. Wanawake walianzia nusu fainali. Medali zilikuwa sawa, lakini idadi ya viti ilikuwa nusu. Ilikuwa hivyo tena London mwaka 2012, na hivyo tena Rio mwaka 2016. Hoja iliyotolewa kila mara ni kwamba wanawake wanaoshiriki mchezo huu ni wachache. Ni kweli walikuwa wachache. Lakini ni mzazi gani atamnunulia binti yake baiskeli ya mashindano akijua kwamba viti vinavyomngoja ni nusu ya vile vya kaka yake? Uchache unazaa viti vichache, na viti vichache vinazaa uchache. Mwishowe mtu hukata mzunguko huo kwa kanuni. Katika Michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, waliingia wanaume 24 na wanawake 24.

Nambari hiyo ya 24 inanikumbusha nyumbani, ingawa ni sadfa tu. Katiba ya Rwanda ya mwaka 2003 iliagiza kwamba wanawake wawe angalau asilimia 30 katika vyombo vya maamuzi, na katika Baraza la Wabunge lenye viti 80, viti 24 vikatengwa kwa ajili yao. Katika uchaguzi wa mwaka huohuo walipata jumla ya viti 39. Mwaka 2008, mwaka ule wa Beijing, walipata 45, na Rwanda ikawa nchi ya kwanza duniani yenye wabunge wengi wanawake kuliko wanaume katika baraza hilo. Mwaka 2013 walipata 51. Viti vilivyotengwa havikuongezwa hata kimoja kati ya chaguzi hizo. Kilichoongezeka ni wanawake walioingia kwa njia nyingine: 15, kisha 21, kisha 27. Kwa hiyo anayedai kwamba viti maalumu huwafanya watu wabweteke ana kazi ya kuzieleza nambari hizi.

Nisije nikaonekana nasema kanuni ikishaandikwa mambo yamekwisha. Baada ya Rio, taasisi ya UK Sport, inayogawa fedha za umma kwa wanamichezo wa Uingereza, iliacha kuwagharamia wanawake wa BMX ilhali iliendelea na wanaume. Bethany Shriever, aliyekuwa bado msichana, alifanya kazi ya mwalimu msaidizi na kuomba michango kwa wananchi ili asafiri kwenye mashindano. Baadaye alirudishwa katika mpango wa taifa, na huko Tokyo alitwaa dhahabu. Wote waliompongeza serikalini walisahau haraka mwaka ule wa kuomba michango. Lango lilikuwa wazi kwake kwa mujibu wa kanuni. Nauli ya kulifikia ndiyo iliyokosekana. Wale wanaopitisha bajeti za wilaya zetu wangefaidika kuijua habari hii.

Turudi kwa washindani wetu wa Beijing. Reade alisimama tena. Mwaka 2010 mashindano ya dunia ya BMX yalikuja Afrika, mjini Pietermaritzburg, Afrika Kusini, naye akashinda ubingwa wake wa tatu hapo. London, mbele ya watu wake, alimaliza wa sita, na Mariana Pajón wa Colombia akatwaa dhahabu ambayo aliitetea tena Rio. Chausson hakuutetea ushindi wake wa Olimpiki. Alirudi milimani, safari hii katika mbio ndefu zinazochanganya kupanda na kuteremka, akashindana na kushinda akiwa amevuka miaka 35. Mwaka 2016 aligunduliwa na saratani ya ovari. Alitibiwa, akapona, akapanda baiskeli tena, ingawa si tena kwa kuwania mataji.

Kwetu, Umoja wa Kimataifa wa Baiskeli uliichagua Kigali mwaka 2021, na tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Magdeleine Vallieres wa Canada alishinda mbio za wanawake. Waliokuwa kando ya barabara pale Kimihurura watasimulia kuhusu mawe ya mlima ule. Mimi nilivutiwa na jambo dogo la kikanuni: wanawake wa chini ya miaka 23 walipewa mbio zao wenyewe katika mashindano ya dunia, jambo ambalo halijawahi kutokea. Miaka iliyotangulia walikimbia pamoja na wakubwa, kisha majina yao yakachambuliwa kutoka kwenye orodha kama mchele unavyochambuliwa mawe. Wavulana wa umri huo walikuwa na mbio zao tangu mwaka 1996. Lango jipya lilifunguliwa Kigali, safari ya siku moja kwa basi kutoka hapa tulipo.

Nilipomaliza kusimulia haya darasani, katika kipindi kilichofuata, yule msichana hakuuliza lolote juu ya Olimpiki wala Katiba. Aliuliza kama ni kweli gurudumu la BMX ni inchi 20. Nikamwambia ni kweli. Akafikiri kidogo, akasema baiskeli ya baba yake ni ya inchi 28 na miguu yake haifiki vizuri kwenye pedali, lakini jirani yao ana moja ndogo iliyovunjika mnyororo, na amekuwa akitafuta fundi.