Swali la Mpemba

Mwaka 1963, pale Shule ya Sekondari Magamba, Tanga, wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Shida ni kwamba nafasi ilikuwa ya kugombania. Erasto Mpemba, kidato cha tatu, alipoona mwenzake anawahi kuweka maziwa ambayo hata hayajachemshwa, naye akatia ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu wakaenda kuangalia. Ya Mpemba yameganda. Ya mwenzake bado uji mzito.

Wewe ungefanya nini? Wengi wetu tungekula aiskrimu yetu, basi.

Yeye akamuuliza mwalimu wa fizikia: kwa nini? Akaambiwa amechanganyikiwa, haiwezekani. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya dunia nzima. Tangu hapo, akikosea hata hesabu ya logi, darasa zima linamtania hivyohivyo.

Kisha akaja mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akauliza tena, ila angalia alivyolipanga swali safari hii. Maziwa kayaondoa. Vyombo viwili vinavyofanana, maji kiasi kilekile, kimoja nyuzi 35 za selsiasi, kingine 100; ukivitia kwenye friji, kile cha 100 kinatangulia kuganda. Kwa nini? Wenzake wakamlaumu kwamba amewaaibisha. Lakini swali likishakaa hivyo halihitaji ubishi, linahitaji bika mbili na friji. Osborne alikuwa na mashaka, ila akaahidi kujaribu. Fundi wake wa maabara akapata matokeo yaleyale, akasema atarudia mpaka apate yaliyo sahihi! (Nani kati yetu hajawahi kufanya hivyo?) Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education.

Ubishi haujaisha. Mwaka 2016 Burridge na Linden, watafiti wa Uingereza, walirudia majaribio na hawakuona ushahidi wa kutosha. Walionyesha pia kwamba kipimajoto kikikaa juu au chini kwa sentimita moja tu, matokeo yanaweza kukudanganya. Na kabla hujakimbilia friji yako, amua kwanza: "kuganda" ni pale barafu inapoanza kuonekana, au maji yote yakiwa jiwe?