Wazee wa Kihaya na Tanuri la Mababu

Katikati ya miaka ya 1970, wazee wa Kihaya mkoani Kagera walirudia kazi waliyoifanya ujanani: kuyeyusha chuma. Vyuma vya bei nafuu kutoka Ulaya vilikuwa vimeiua kazi hiyo miongo kadhaa nyuma. Mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery, wote kutoka Marekani, waliketi kama wanafunzi.

Wazee hawakuwa na kitabu. Walichimba shimo, wakalijaza matete ya kinamasini yaliyochomwa, kisha wakajenga juu yake tanuri kwa mavi ya chuma ya zamani na udongo wa kichuguu. Mkaa na mtapo vikapangwa ndani. Mirija ya udongo iliingizwa mpaka ndani kabisa ya tanuri, na mivukuto ikaanza kuvuma.

Hapo ndipo penye ujuzi. Kwa maelezo ya watafiti hao, hewa ilipata moto ikiwa bado ndani ya mirija, na tanuri likapita nyuzi 1,800 za Sentigredi. Matete yaliyoungua nayo yalichangia kaboni iliyoufanya mtapo utoe chuma chenye sifa za chuma cha pua.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science. Wala ufundi huu si wa jana: karibu na Ghuba ya Kemondo, kando ya Ziwa Victoria, yamefukuliwa mabaki ya matanuri yenye umri wa zaidi ya miaka 1,500.

Mtoto wa Kagera anastahili kufundishwa habari hii darasani, kabla hajasimuliwa viwanda vya Uingereza.