Pumzi (filamu)
Pumzi ni filamu fupi ya Kenya ya mwaka 2009, ya dakika zipatazo 20, iliyoandikwa na kuongozwa na Wanuri Kahiu. Ni mfano mashuhuri wa hadithi za Afrika Mashariki kuhusu kunusurika baada ya maangamizi.

Matukio yake ni ya miaka 35 baada ya Vita Kuu ya Tatu ya Dunia, iliyopiganiwa maji. Walionusurika wanaishi Maitu, makazi yaliyofungwa: jasho na mkojo husafishwa na kunywewa tena, umeme huzalishwa kwa nguvu za miili ya watu, na anayeota ndoto humezeshwa dawa ya kuizima. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapokea udongo usio na mnururisho. Mbegu anayoitia humo inachipua. Wakuu wanamkataza kutoka. Anatoroka, anavuka jangwa, anaupanda mche, anaunywesha maji yake ya mwisho na kuukinga jua kwa mwili wake. Ushujaa hapa ni wa mtunzaji, si wa mpiganaji, na ndiyo nguvu kuu ya filamu.

Ilipigwa picha Afrika Kusini na kuonyeshwa katika tamasha la Sundance mwaka 2010. Kwa vijana wa Kajiado, kuanzia Kitengela hadi Illasit mpakani, kaunti ambamo ukame wa 2020 hadi 2022 uliua mifugo mingi, hofu ya filamu hii inaeleweka upesi.

Riwaya za Kiswahili zilizo karibu nayo ni Mzingile (1991) ya Euphrase Kezilahabi na Bina-Adamu! (2002) ya K. W. Wamitila, ingawa zina mafumbo mazito zaidi.